Andikeni mgao kabla hamjatoka studio
Nimejifunza wiki hii studio, Mwanakwerekwe, Unguja: kabla wimbo haujapakiwa mtandaoni, andikeni karatasi ya mgao, yaani nani anapata asilimia ngapi ya wimbo. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, basi kila moja ipigiwe asilimia zake mpaka 100: nani katunga mashairi, nani kaweka sauti (melodi), nani kaimba, nani kapiga ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarab. Majina yawe ya kwenye kitambulisho. Tieni saini, pigeni picha, itumeni kwenye grupu lenu. Pesa za mtandaoni humfikia kwanza aliyepakia, na anayesahaulika mara nyingi ni mtunzi wa mashairi, inauma sana. Kazi isajilini na COSOZA pia, ofisi ya hakimiliki Zanzibar. Karatasi haitasaidia kama biti (mdundo wa wimbo) mmeiokota mtandaoni bila ruhusa, au mtunzi keshauza haki zake zote kwa maandishi.