Unapoiga jaribio la mwale, weka na darubini

Jaribio la mwale ni kupitisha mwale wa chembe kwenye kihisi ili kukipima. Ukiiga kihisi cha pikseli za silikoni kwa Allpix Squared, programu ya kompyuta ya kuiga vihisi vya aina hiyo, usiishie kwenye kihisi chenyewe. Weka na darubini, yaani zile safu za vihisi vya mbele na nyuma zinazofuatilia njia ya chembe. Kwenye kompyuta unajua hasa elektroni ilipita wapi. Kule DESY, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Hamburg, unakadiria tu, na elektroni za mwale wake, zenye nishati ya GeV 1 hadi 6 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe), hupindishwa kidogo na kila kitu zinachopenya, hata hewa. Ukilinganisha matokeo hayo mawili moja kwa moja, kihisi chako kitaonekana kibovu bure. Pioni, chembe za aina nyingine, za GeV 120 kwenye maabara ya CERN hazisumbui sana kwa hilo, kwa kuwa nishati yake ni kubwa zaidi.

Halafu kizingiti, yaani chaji ndogo kabisa inayoifanya pikseli isajili kwamba chembe imepita: tumia kilekile cha maabara, kwa idadi ya elektroni. Chembe ikipenya wima silikoni ya maikromita 300 hufungua ndani yake kwa kawaida elektroni kama 22,000, lakini ikipita karibu na mpaka, pikseli jirani huambulia sehemu ndogo tu. Kizingiti kikipanda kidogo, jirani huyo hupotea na makundi ya pikseli mbili hupungua. Mimi hukagua hapo kwanza, kabla sijagusa uga wa umeme wa ndani ya kihisi kwenye uigaji.