Fungua kasha kwanza, kadi ya grafiki baadaye

Wengi huniuliza ni kadi gani ya grafiki, ile ya kuchezea gemu, itafaa kompyuta yao ya zamani, na swali linakuja likiwa limeshachelewa: kadi ya mtumba wameshainunua, sasa wanataka nije niiwashe. Kumbe bisibisi ndiyo ilipaswa kutangulia. Fungua kasha la kompyuta, umulike pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme) ubavuni, usome kibandiko chake. Tafuta jumla ya wati, kisha mstari wa volti 12, maana kadi inakula hapo.

Mimi natumia kompyuta ya Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba. Pawa saplai yake ni ya wati 240 na haina waya hata mmoja wa kulishia kadi. Kwa hiyo kadi yoyote ninayoichomeka lazima iishi kwa umeme wa sloti (mfereji inamochomekwa kwenye mazabodi, bodi kuu ya kompyuta) peke yake, na sloti hiyo, iitwayo PCI Express, haitoi zaidi ya wati 75. Kadi yenye tundu la pini 6 inadai hadi wati 75 nyingine juu ya hizo. La pini 8, hadi 150. Utaonyeshwa kiwaya cha kugeuza plagi ya SATA (ile ya kulishia diski) iwe pini 6. Usikiguse. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 tu kwenye volti 12. Niliwahi kuchomoa moja kwenye mashine ya jamaa yangu, plastiki imegeuka kahawia na pini mbili zimezama ndani yake. Alikuwa analalamika tu kwamba gemu linajizima.

Kwa umeme mdogo hivyo, majina yanayobaki ni machache. Upande wa Nvidia, GTX 750 Ti ya 2014 inakula wati 60; GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 ni 75 kila moja. Hata hizo, omba picha ya ukingo wa juu wa kadi, kwani baadhi ya watengenezaji waliongeza tundu la pini 6. Upande wa Radeon, kadi za AMD, kuna RX 550, na RX 6400 ambayo inatumia njia nne tu za data za PCI Express. Kwenye mazabodi ya zamani inapungua kasi. GT 1030 ya Nvidia nayo ina mtego wake: ipo yenye kumbukumbu ya GDDR5 na ipo ya DDR4, na hiyo ya pili kumbukumbu yake inapitisha data kama theluthi moja tu ya mwenzake. Sanduku linafanana, jina lilelile. Muuzaji akikwambia "zote ni 1030", mwambie asome neno zima.

Kama kasha lako ni jembamba kama langu, tafuta kadi fupi ya nusu kimo, na uulize kama kibati chake kifupi cha kufungia nyuma ya kasha kipo. Hicho ndicho watu hukipoteza. Pima pia urefu kwa rula, kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye diski, na uangalie kama sloti ya jirani ni tupu, kwa kuwa kadi nyingi zina unene wa sloti mbili.

Halafu skrini. Ikiwa bado ni ya VGA, plagi ya zamani ya skrini, tazama kama kadi ina tundu la DVI, aina nyingine ya tundu la skrini. Likiwa na vitundu vinne vidogo vinavyozunguka ule mpasuo bapa, hiyo ni DVI-I, na adapta ya kawaida inatosha. 750 Ti nyingi zinalo. Bila hivyo vinne ni DVI-D, na utahitaji kibadilishi chenye chipu ndani yake.

Tundu hilohilo la VGA ndilo lingeniokoa mara ya kwanza. Niliuziwa "1050 Ti" yenye VGA nikafurahi kwamba sitanunua adapta, mjinga mimi. Chipu za kizazi hicho hazitoi VGA zenyewe, kwa hiyo tundu hilo lilitosha kunitia shaka. Nyumbani nilifungua GPU-Z, programu inayotambua kadi ni ya aina gani, nikakuta mbele ya jina la kadi imeandikwa FAKE, na chini yake chipu GF108, kizazi cha 2010 kilichovalishwa jina jipya. Siku hizi programu hiyo naibeba kwenye fleshi, na kadi siitolei pesa kabla programu hiyo haijafunguliwa mbele yangu.

Ukipata nafasi ya kuijaribu, endesha FurMark, programu ya kuikamua kadi kwa nguvu zote, dakika 15 bila kuondoa macho. Madoadoa ya rangi, mistari au miraba inayomemetameta mara nyingi ni kumbukumbu inayokufa, hata kama muuzaji anasema ni draiva (programu inayoendesha kadi). Sikiliza feni, izungushe kwa kidole ikiwa imezimwa, isiyumbe. Kadi iliyochimba sarafu za kidijitali si lazima iwe mbovu. Zilimwagika sokoni baada ya sarafu ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, na mimi ninayo moja inayofanya kazi vizuri baada ya kubadilishiwa feni na pesti ya kupitishia joto. Ninayoiogopa zaidi ni iliyooshwa ikang'aa huku skrubu zake zimekwaruzwa: ilishafunguliwa, na hakuna anayekwambia kwa nini.

Draiva nazo zina umri. GTX 600 na nyingi za 700 ziliishia kwenye draiva za toleo la 470 mwaka 2021. 750 Ti, licha ya namba yake, ni ya kizazi kilichofuata. Hiyo na 1050 Ti zilipata draiva yao ya mwisho ya gemu mwishoni mwa 2025, na sasa zinapokea marekebisho ya usalama tu hadi 2028. Kwa gemu za zamani haina shida. Kwa gemu mpya, 1650 ndiyo ningeitafuta.

Kabla ya kuchomeka, sasisha baiosi ya mazabodi (programu inayoiamsha mashine), kwani mashine nyingine za zamani hubaki giza zikikutana na kadi mpya kuzidi umri wao. Na ukiona giza, usimpigie muuzaji kwanza. Angalia waya wa skrini umechomeka wapi. Mara mbili nimetoka nyumbani usiku kwenda kutazama "kadi iliyokufa", nikakuta waya bado uko kwenye tundu la mazabodi.