Gemu ya wachezaji wengi kwa intaneti, anzia hapa

Usingoje umalize gemu nzima ndo uanze kuweka netiweki, utajikuta unaandika upya nusu ya kodi. Anza na mraba mmoja tu unaotembea kwenye skrini, basi.

Kwanza amua nani mwenye neno la mwisho, na mi nakwambia awe seva, yaani programu moja ambayo wachezaji wote wanaunganika nayo. Mashine ya mchezaji isitume "niko hapa", itume "nimebonyeza kulia", alafu seva ndo ihesabu kafika wapi, icheki kama kuna ukuta, iwajulishe wote. Ukikubali kila mtu ajitangazie alipo, atakuja mmoja apite ndani ya kuta na hutakuwa na la kumfanya.

Kwa gemu ya mbio au risasi tumia UDP, njia ya kutuma data bila kungoja iliyopotea. TCP ni njia inayohakikisha kila kitu kimefika kwa mpangilio, kwa hiyo paketi (kipande cha data) moja ikipotea zilizo nyuma yake zote zinaisubiri, na hiyo yenyewe ikifika ni habari ya zamani. Gemu za zamu kama chesi, TCP inatosha. Kwenye Godot 4 (programu ya kutengenezea gemu) kuna ENet, maktaba ya netiweki inayopita juu ya UDP, upande mmoja unaita create_server, mwingine create_client kwa anwani 127.0.0.1 (yaani mashine yako mwenyewe), unafungua madirisha mawili kwenye mashine hiyohiyo.

Itaenda laini sana, ila usiamini bado! Hapo hakuna umbali wowote. Kama unatumia Linux, weka netem (zana ya kuigiza netiweki mbovu) icheleweshe milisekunde 50 kwenye lo (njia ya mashine kuongea na yenyewe), kwenda na kurudi zinakuwa 100, sasa ndo utaona mraba unavyokokota miguu. Dawa yake ilitumika tangu QuakeWorld ya 1996, toleo la gemu ya Quake la kuchezea intaneti: mashine ya mchezaji imsogeze papo hapo bila kusubiri, kila amri ipewe namba na itunzwe, jibu la seva likija unaanzia pale seva iliposema na kurudia amri ambazo bado hazijajibiwa. Hii sehemu ni ngumu, ipe muda, ndo inayofanya gemu ipendeze mkononi.

Wachezaji wengine usiwabashirie, yaani usikisie watakapokuwa. Seva ikituma hali mara 20 kwa sekunde, waonyeshe wakiwa nyuma milisekunde 100, uwatelezeshe kati ya pozisheni mbili ulizokwisha pokea, hata paketi moja ikipotea hawaruki.

Rafiki aliye mbali akishindwa kuingia, mara nyingi ni ruta ya upande wa seva inamzuia, fungua humo poti (mlango wa netiweki) ya UDP (wengi wanafungua ya TCP peke yake) au hamishia seva kwenye mashine yenye IP ya wazi, yaani anwani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti.