Komenti zisizodanganya: kutunza maelezo ya msimbo kanzidata inapobadilika

Mifumo ya ushirika na ya masoko ya mazao huku Dodoma huishi kuliko mikataba ya walioiandika. Kijana anamaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), anajenga mfumo wa kupokea mahindi ghalani, anapata kazi Dar es Salaam, na mfumo anaachiwa mwingine. Huyo mwingine hasomi SELECT (amri ya kuchota data) kwanza, anasoma komenti iliyo juu yake. Komenti ikimdanganya, atahangaika na kisichoharibika na kukiacha kilichoharibika.

Hapa natumia PostgreSQL (programu ya kanzidata) na Git (inayotunza historia ya msimbo), na mfano wa jedwali la mauzo ya mahindi, mauzo ya aina inayofanyika Kibaigwa wilayani Kongwa. Shika hili tangu mwanzo: komenti inayofaa hubeba sababu, na hutaja sababu hiyo itakoma lini. Yanayobaki, mengi yahamishie kanzidata iyalinde yenyewe.

Hatua ya 1: Zisake komenti zenye madai

Usianze kusoma faili moja moja. Tafuta komenti zinazodai jambo linaloweza kugeuka: namba, toleo, neno kama "daima" au "kwa muda".

```
git grep -nE '(--|#|//).*(toleo|PostgreSQL|daima|kamwe|kwa muda|kilo)'
```

Kila faili inayojitokeza, ipitishe kwenye `git blame` uangalie tarehe za mistari. Komenti ya 2017 iliyokaa juu ya kwiri (swali kwa kanzidata) iliyoguswa 2023 ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Kuona jinsi kipande hicho kilivyobadilika, taja mistari yake:

```
git log -L 40,52:ripoti/mauzo.sql
```

Utaona kila aliyepita hapo alibadilisha nini, na aliiacha komenti ilivyokuwa au la.

Hatua ya 2: Amua ipi ife na ipi ibaki

Komenti inayorudia msimbo, mfano "chagua mauzo yote" juu ya `SELECT * FROM mauzo`, ifute. Haimsaidii mtu, na ndiyo ya kwanza kupitwa na wakati. Inayoeleza ukweli wa data inaenda hatua ya 3. Inayoeleza kwa nini jambo limefanywa hivyo, hiyo itunze, hata ikiwa ndefu. Kwa maoni yangu mistari minne ya sababu ni bora kuliko faili nzima ya maelezo yaliyo kwenye kabrasha ambalo hakuna anayelifungua.

Hatua ya 3: Ukweli wa data uukabidhi kanzidata

Tuseme umekuta hii:

```
-- gunia halizidi kilo 100
uzito numeric
```

Kila anayefanya biashara ya mazao anajua vita dhidi ya lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi), na kwamba kikomo cha gunia ni kilo 100. Lakini komenti haimzuii karani kuandika 135. Sharti linamzuia:

```
ALTER TABLE mauzo
  ADD CONSTRAINT gunia_si_lumbesa
  CHECK (uzito > 0 AND uzito <= 100) NOT VALID;
```

`NOT VALID` ina maana kwamba rekodi mpya na zinazohaririwa zinakaguliwa kuanzia sasa, na za zamani zisizoguswa zinasubiri. Ukishazisafisha, endesha `ALTER TABLE mauzo VALIDATE CONSTRAINT gunia_si_lumbesa;`. Sasa komenti ya zamani unaweza kuifuta, maana jina la sharti linasema yote, na kikomo kikibadilika mtu atalazimika kugusa sharti lenyewe.

Kuna jambo ambalo sharti haliwezi kulisema: je, `uzito` ni wa gunia likiwa na mahindi, au mahindi matupu? Hapo tumia komenti ya kanzidata yenyewe:

```
COMMENT ON COLUMN mauzo.uzito IS
  'Kilo zilizosomwa kwenye mzani, pamoja na gunia lenyewe';
```

Ukiandika `\d+ mauzo` ndani ya psql (dirisha la amri la PostgreSQL) utaiona. Inasafiri na `pg_dump` (amri ya kutoa nakala ya kanzidata), na safu ikibadilishwa jina inabaki nayo. Ila safu ikifutwa na kuundwa upya, komenti hupotea. Kwa hiyo kila baada ya mabadiliko ya jedwali, tafuta safu zilizobaki bila maelezo:

```
SELECT attname FROM pg_attribute
WHERE attrelid = 'mauzo'::regclass
  AND attnum > 0 AND NOT attisdropped
  AND col_description(attrelid, attnum) IS NULL;
```

Wanaotumia MySQL, programu nyingine ya kanzidata, wawe waangalifu zaidi: ukibadilisha safu kwa `MODIFY` bila kurudia `COMMENT` yake, maelezo yanafutika kimyakimya.

Hatua ya 4: Linganisha komenti na toleo la kanzidata

Hapa ndipo penye hasara kubwa, kwa sababu msimbo haujaguswa na mtu yeyote, lakini komenti imegeuka kuwa uongo. Kilichobadilika ni programu ya kanzidata iliyo chini yake.

Chukua hii, ambayo ilikuwa kweli tupu ilipoandikwa:

```
-- WITH inailazimisha PostgreSQL ikokotoe msimu kwanza
WITH msimu AS (
  SELECT ...
)
```

Hadi toleo la 11, `WITH` (kwiri ndogo iliyopewa jina) ilikokotolewa peke yake kabla ya kwiri kubwa, na watu walikuwa wakiitumia makusudi kumzuia mpangaji wa kwiri (sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kuiendesha kwiri) asichanganye mambo. Toleo la 12, lililotoka 2019, liliondoa kizuizi hicho: `WITH` isiyojirudia, isiyobadilisha data na inayotajwa mara moja tu, sasa inaweza kuyeyushwa ndani ya kwiri kubwa. Ripoti inaweza kuwa nyepesi au nzito kuliko zamani, na anayechunguza ataamini komenti na kutafuta kosa pengine. Iandike hivi:

```
-- Msimu ukokotolewe kwanza: ukichanganywa na jedwali la
-- wakulima, mpangaji anakadiria idadi ya safumlalo vibaya.
-- Tangu PostgreSQL 12 ni lazima kuandika MATERIALIZED.
WITH msimu AS MATERIALIZED (
  SELECT ...
)
```

Sababu ipo, toleo lipo, na siku mpangaji akiwa hodari zaidi mtu atajua anajaribu nini.

Nyingine utakayoikuta mara nyingi ni "usiongeze safu yenye DEFAULT mchana, jedwali litafungwa". Kabla ya toleo la 11 ilikuwa onyo la haki, kwani jedwali zima liliandikwa upya. Tangu 11 haliandikwi upya, isipokuwa DEFAULT ikiwa inatoa thamani tofauti kwa kila safumlalo, kama `gen_random_uuid()`. Usilifute onyo hilo lote. Lipunguze libaki na kisa chake halisi.

Upande wa MySQL, tafuta komenti zinazotaja `CHECK`. Kabla ya 8.0.16, MySQL ilikuwa ikiisoma `CHECK` na kuipuuza, ndiyo maana mifumo mingi ya PHP ina ukaguzi wa mkono wenye maelezo "kanzidata haikagui".

Hatua ya 5: Yaliyo nje ya mfumo yape tarehe

Komenti "mikoa ya Bara ni 25" iliharibika 2016, Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya. Idadi kama hiyo ihesabiwe kutoka kwenye jedwali la mikoa, isiandikwe popote. Lakini hii ni ya kutunzwa kama mboni ya jicho:

```
-- Wilaya ya Chemba ilimegwa kutoka Kondoa 2012. Rekodi za
-- kabla ya hapo zilizoandikwa Kondoa huenda ni za Chemba.
```

Hakuna sharti la kanzidata litakalomweleza hivyo mtu anayeshangaa kwa nini mavuno ya Kondoa yameporomoka ghafla kwenye ripoti.

Saa nazo ziandike kwa mtindo wa saa 24 na ukanda wake. "Hifadhi nakala saa 2 usiku" juu ya `0 2 * * *` (yaani 02:00) kwenye cron, ratiba ya kazi za seva, ni saa sita za tofauti. Andika 20:00 EAT (saa za Afrika Mashariki), na kama seva iko kwenye UTC, ongeza kwamba huko ni 17:00.

Hatua ya 6: Komenti na msimbo viingie komiti moja (badiliko moja linalohifadhiwa kwenye Git)

Anayekagua kazi ya mwenzake asikubali "komenti nitarekebisha baadaye". Asome mistari kumi iliyo juu ya kila badiliko, hata kama haikuguswa.

Siku ya kupandisha toleo, fungua maelezo ya kila toleo kubwa unalolivuka. Ukitoka 11 kwenda 16, soma ya 12, 13, 14, 15 na 16, sehemu ya mabadiliko yanayovunja utangamano kwanza. Kila unapokuta jambo linalokuhusu, rudia `git grep` ya hatua ya 1 kwa neno hilo. Ya 12, kwa mfano, inakuambia faili ya mipangilio `recovery.conf` haipo tena. Mwongozo wa kurejesha nakala unaoitaja urekebishe kabla seva haijapandishwa, kwa sababu utakaposomwa tena seva itakuwa imelala na mizani ya soko inasubiri.