Kabla hujaukanyaga mto: maandalizi ya siku ya kupima Mto Morogoro

Kazi ya mto ya Jumamosi huanza Alhamisi. Sisi tunaojitolea kupima hali ya maji ya Mto Morogoro mara moja kwa mwezi tulilijua hilo kwa kuchelewa, baada ya asubuhi moja ambapo watu 14 tulifika ukingoni na sinia moja, kipimajoto kilichopasuka, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mzee mwenye bustani ya mchicha kwamba tutapita kwake. Mzee alifoka, na alikuwa na haki. Tulirudi nyumbani tumelowa, daftari halina namba hata moja ya maana. Haya ndiyo tunayoyaweka sawa siku hizi kabla mtu hajavua viatu.

La kwanza ni mvua, na hapa wageni wengi hukosea kwa sababu wanaangalia mawingu ya mjini. Mto huu unashuka kutoka Uluguru kwa mteremko mkali. Mvua ikinyesha mlimani, maji yanaweza kukukuta katikati ya mto huku jua linakuchoma mgongo. Kwa hiyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tunausoma Ijumaa jioni, na asubuhi tunampigia simu mtu anayeishi juu kuuliza kumekuchaje. Kisha kila aliyekuja anaelezwa dalili, hata kama amezisikia mara kumi: maji yaliyokuwa maangavu yanageuka rangi ya chai ya maziwa, vijiti na majani makavu vinaanza kupita kwa wingi, jiwe ulilokuwa unaliona limezama, mngurumo unasikika juu. Yeyote akiona mojawapo anapiga kelele "Toka!" na wote tunatoka bila mjadala. Sinia ibaki, wavu ubaki. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mvua ikiwa imenyesha jana hatuingii kabisa. Tunasoma kina na rangi ya maji tukiwa darajani, na hiyo nayo ni taarifa.

Ruhusa ni jambo la barua chache na maneno mengi. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wanapaswa kujua, na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iko hapahapa Morogoro, kwa hiyo hakuna kisingizio cha umbali. Inafaa kuuliza pia kama eneo lenu lina jumuiya ya watumia maji, maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua, na ni nafuu kujiunga kuliko kuanzisha kikundi cha pili kinachogombania mto uleule.

Kuna sheria nyingine ambayo vijana wetu huipenda mno: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ninawasihi msiende nayo mkononi siku ya kwanza. Mwenye bustani yuko pale kila siku, sisi tuko pale mara moja kwa mwezi. Ni mzee yule yule wa mchicha aliyetuambia kwamba povu huonekana zaidi jioni, habari ambayo tusingeipata hata tungepima miaka miwili, kwa sababu sisi huja asubuhi.

Asubuhi tumeichagua makusudi. Oksijeni iliyomo majini hupanda na kushuka kutwa nzima: iko chini alfajiri, iko juu mchana mimea ya majini ikishapata jua. Ukipima saa mbili asubuhi mwezi huu na saa nane mchana mwezi ujao, utadhani mto umepona kumbe ni jua tu. Saa ikiwa moja, pahali pakiwa palepale, tofauti utakayoiona ni ya mto. Na kuna faida ya pili. Vimelea wa kichocho hutoka kwenye konokono kwa wingi kuanzia kama saa nne asubuhi hadi alasiri, jua likiwa kali. Tukianza saa moja na nusu, kufika saa nne tumeshatoka majini. Hilo halimaanishi asubuhi hakuna kichocho, kwa hiyo gambuti na glavu ndefu zinabaki, na mwenye kidonda kibichi anapewa kalamu na daftari, abaki ukingoni. Aliyelowa anajifuta haraka kwa taulo. Kupima kichocho kesho yake hakusaidii, maana minyoo inahitaji muda kukomaa; subiri wiki sita hadi nane, kisha nenda kituo cha afya ueleze uliingia mto gani.

Homa ya mgunda nayo itajwe kwa jina. Watu wanaikumbuka ya Lindi, Julai 2022, ilipoua watu watatu, lakini wengi hawajui kwamba huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, unaoingia kwenye maji na tope. Ukipata homa, kichwa na maumivu ya misuli ndani ya wiki chache baada ya kazi ya mtoni, usinunue dawa ya malaria dukani ukalala. Nenda hospitali na useme: nilikuwa mtoni.

Gambuti lina hila yake. Linakinga mguu mpaka maji yavuke mdomo wake. Yakishaingia, linakuwa jiwe mguuni. Ndiyo maana kipimo chetu ni gambuti lenyewe: maji yakikaribia mdomo, umefika mwisho. Kwenye mkondo wenye nguvu, hata maji ya chini ya goti humwangusha mtu mzima. Hakuna anayeingia peke yake, na pembeni, upande maji yanakoelekea, anasimama mtu mwenye kamba iliyofungwa kwenye dumu tupu la lita tano, kifuniko kimekazwa. Kazi yake ni kurusha dumu, si kuruka. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iwe kwenye simu ya kila mmoja, na kabla ya kushuka hakikisheni mtandao unapatikana pale bondeni, maana kuna mahali simu inakuwa tochi tu.

Vifaa vyenyewe si vya kutisha. Tunachukua machungwa matatu, na wageni hudhani ni ya kula. Tunapima mita kumi ukingoni, tunaweka mtu kila mwisho, tunatupa chungwa katikati ya mkondo na kuhesabu sekunde. Chungwa huzama nusu, hivyo upepo hauliyumbishi, na likitupotea hatujaacha taka. Tuseme limetumia sekunde 25: hiyo ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo tunazidisha kwa 0.85 na kupata 0.34. Mto ukiwa na upana wa mita 4 na kina cha wastani wa sentimita 30, yanapita maji kama lita 400 kila sekunde. Tunarudia mara tatu. Machungwa yanayookotwa hayaliwi, na kila mwezi lazima nimwambie mtu.

Kwa wadudu, ambao hutuonyesha maji ni safi au machafu kiasi gani, tunafuata njia ya miniSASS iliyoanzia Afrika Kusini, yenye makundi 13 tu, kila kundi na alama yake. Wavu, sinia nyeupe, dakika tano za kutikisa mawe kwa mguu, kisha kuinamia sinia. Mdudu mwenye mikia miwili, bapa, anayeng'ang'ania chini ya jiwe kwenye maji baridi yaendayo kasi, ana alama 17. Funza wa nzi wana alama 2. Jumla inagawanywa kwa idadi ya makundi mliyoyaona. Fanyeni mazoezi ya picha nyumbani, kwa sababu mtoni kila mtu anataka kuona kile cha 17.

Mkichukua maji ya kupima vimelea, chupa iwe safi kutoka maabara, usiguse ndani ya kifuniko, simama mdomo wa chupa ukielekea maji yanakotoka, na iende kwenye boksi la barafu ifike maabara ndani ya saa sita. Halafu ulizeni swali ambalo sisi hatukuuliza: maabara inafungua Jumamosi?

Siku ya kupanda miti na kuokota taka ni siku nyingine, msiichanganye na ya kupima. Mkishachafua maji, mnapima tope lenu wenyewe. Glavu za siku hiyo ziwe nene, na awepo mtu mmoja mwenye ndoo ya sindano na chupa zilizovunjika. Watoto waokote juu, mbali na pampasi. Mashimo yachimbwe kabla ya mvua. Tunapanda mikuyu na matete. Mikaratusi tunaikataa hata ikiletwa bure, kwa jinsi inavyokunywa maji. Na kabla ya kubeba miche 200, tafuteni jina la mtu atakayeimwagilia Agosti. Kama hayupo, pandeni 20.

Mwishoni, watu wanahesabiwa kwa majina, wavu unaoshwa na kuanikwa juani, na namba zinasomwa kwa sauti kabla ya yeyote kupanda bodaboda. Mzee wa mchicha hupigiwa simu Ijumaa jioni. Siku hizi huuliza kitu kimoja tu: ile sinia ya wadudu mnakuja nayo? Wajukuu wapo.