Kabla Dinosaria Hajaingia Darasani: Maandalizi ya Mwalimu wa Awali Dodoma

Mtoto wa miaka mitano hapa Dodoma akisikia neno dinosaria, mara nyingi huwa ameshamwona kwenye katuni: meno, mbio na kelele. Anakuja darasani na woga kidogo na hamu nyingi. Ndiyo maana kazi kubwa ya somo hili hufanyika siku chache kabla, mwalimu anapokaa peke yake na kuamua ataanzia wapi.

Mimi huanzia kwenye jina la mji wetu. Wazee husimulia kwamba tembo alikwenda kunywa maji akanasa kwenye matope, akazama, na waliomwona wakasema kwa Kigogo "idodomya", yaani amezama. Karibu kila mtoto wa hapa amewahi kuisikia hadithi hiyo au ana babu anayeijua. Basi uliza darasani: tembo yule alipozama, mifupa yake ilikwenda wapi? Angefia juu ya ardhi kavu, fisi wangeitawanya na jua lingeipasua. Lakini ikifunikwa haraka na tope, tope likaongezeka juu yake kwa miaka mingi isiyohesabika, maji yenye madini hupenya ndani ya mfupa kidogo kidogo mpaka ukawa jiwe. Huo ndio mwanzo wa kisukuku. Mwalimu ajizoeze kulieleza jambo hili kwa sauti, kwa maneno ya mtoto, kabla ya kugusa kifaa chochote, maana shughuli zote zinazofuata zinasimama juu yake.

Jiandae pia kwa swali litakalokuja tu: "Mwalimu, hapa shuleni wapo?" Jibu la kweli ni hapana. Miamba ya matale tunayoiona mjini ni ya zamani kupita dinosaria wote, na ilitokana na ujiuji wa moto uliopoa chini ya ardhi, si na tope. Mfupa haukai humo. Ukisema hivyo bila kuzunguka, mtoto hapati hasara yoyote, kwa sababu papo hapo unamwambia walipo. Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kimetoa mifupa ya dinosaria walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Songwe ametoka mmoja ambaye wataalamu walimpa jina rasmi mwaka 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia. Mtuka ni mto, na mfupa mmoja wa mkia wake una umbo kama la moyo. Liandike jina hilo ubaoni kwa herufi kubwa siku ya kwanza. Ni jina la kisayansi ambalo mtoto wa Dodoma analielewa kabla mwalimu hajalitafsiri, na furaha wanayoipata wakigundua hivyo naithamini kuliko midoli yote ya dukani.

Habari za Tendaguru zisomwe mapema na zisomwe vizuri. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale wakasafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa hadi Berlin, na mmoja wa wanyama hao, Giraffatitan, anasimama katika makumbusho ya huko akiwa na urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Lakini waliochimba kwa mikono walikuwa watu wa kusini mwa nchi yetu, mamia kwa mamia, na walioibeba mifupa kichwani na mabegani hadi bandarini Lindi ni wao. Msimamizi wao mashuhuri aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Naona ni deni kumtaja. Mtoto anaposhika brashi kwenye boksi la mchanga, ajue kwamba kazi hiyo imewahi kufanywa na mtu mwenye jina kama la babu yake.

Kuna neno moja la kusahihisha. Watu wazima wengi humwita mnyama wa Tendaguru "mjusi", na hata suala la kumrudisha nchini limewahi kuulizwa bungeni kwa jina hilo. Mjusi ana miguu iliyotanuka pembeni. Dinosaria miguu yake ilisimama wima chini ya mwili. Usilieleze hili kwa maneno matupu. Tenga nafasi uwanjani, watoto watambae viwiko vikiwa vimetoka nje kama mjusi, kisha wanyooshe mikono na miguu na kutembea kama ng'ombe. Watasema wenyewe ipi inachosha.

Sasa ukubwa na muda, vitu viwili vinavyomshinda mtoto vikisemwa kwa namba. Kwa ukubwa, kata kamba ya mita 13 na sentimita 27 nyumbani, uipime mara mbili, uifunge fundo kila mita. Ikitandazwa uwanjani, watoto kumi na wawili hivi wa umri huo watalala mstari mmoja ndipo waimalize. Kwa muda, tumia kanga. Kanga nyingi hukaribia mita moja na nusu. Pima yako, kisha ihesabu kila sentimita kuwa miaka milioni moja. Ukingo wa kushoto ni Tendaguru, ukingo wa kulia ni leo. Weka jiwe sentimita 66 kutoka ukingo wa leo: hapo dinosaria wakubwa walitoweka. Tyrannosaurus wa Marekani, yule wa katuni, anakaa karibu kabisa na jiwe hilo, kwa hiyo yuko karibu zaidi na sisi kuliko na wanyama wa Tendaguru. Nilipoitandika kanga kwa mara ya kwanza nilisimama nikaitazama kwa muda mrefu kabla sijaendelea na maandalizi. Sentimita 46 kutoka kwetu weka alama ya popo na samaki waliohifadhiwa kwenye tope la ziwa la kale pale Mahenge, mkoa jirani wa Singida. Na binadamu? Punje moja ya mtama ukingoni. Punje hiyo inatosha kumweleza mtoto kwamba hakuna mtu aliyewahi kukimbizwa na dinosaria, na hapo woga wa usiku unaisha. Andaa punje kadhaa mfukoni, zitapotea.

Boksi la kuchimbia ndilo linalotaka uangalifu kuliko vyote. Mifupa itoke jikoni tu: kuku au mbuzi aliyeliwa, mifupa ichemshwe vizuri, ianikwe juani mpaka ikauke. Usiokote mifupa porini wala usiwaombe watoto waje nayo kutoka nyumbani. Katika nchi yenye kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu, mzoga usiojulikana umekufa kwa nini hauguswi, hata ukiwa umekauka miaka. Waandikie wazazi ujumbe mfupi unaolisema hilo waziwazi, kwa sababu mtoto mwenye shauku ataokota tu njiani. Mchanga uchekechwe siku ileile asubuhi. Mchanga uliolala nje usiku unaweza kuwa na nge, au paka ameshautumia. Mifupa midogo inayoingia mdomoni iondoe. Gawa boksi kwa uzi katika miraba, na watoto wachore kila mfupa ulikotoka kabla ya kuunyanyua. Bila hatua hiyo watakuwa wanatafuta hazina tu. Wakichora wanafanya kazi ya mchimbaji wa kweli. Brashi za rangi na miswaki ya zamani iliyochemshwa zinatosha.

Darasa la watoto sitini haliwezi kuinamia boksi moja. Panga vituo vinne au vitano: kamba, kanga, boksi, udongo, kuchora. Omba mzazi au mwalimu mwenzako akae kwenye boksi muda wote. Ukikosa msaidizi, ahirisha boksi, fanya mengine.

Kwa kufinyanga, sishauri unga. Vitabu vingi husema changanya unga wa ngano na chumvi, lakini kwenye mkoa ambao mvua ikikosa watu huhesabu debe la mwisho, mtoto kuchezea chakula ni jambo linaloumiza, na mzazi akiona hatakuelewa. Udongo wa kichuguu upo bure, unashikana, na watoto wetu wameshazoea kufinyangia ng'ombe. Uloweke jana yake, uondoe mawe na mizizi.

Kama utamimina unga wa jipsamu kutengeneza umbo la unyayo, uchanganye mwenyewe. Ukigandamana hutoa joto linaloweza kuunguza ngozi. Mtoto asitumbukize mkono humo. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki, yataziba bomba.

Maji ya kunawa yawekwe kwenye ndoo yenye koki kabla somo halijaanza, pamoja na sabuni. Shule nyingi hapa hazina uhakika wa bomba, na somo hili linachafua mikono mara tatu. Upepo wa kiangazi unapuliza mchanga machoni kuanzia saa nne hivi, basi fanya vituo vya nje mapema asubuhi.

Mwisho tafuta kuku, na umtafute mapema: mpole, aliyezoea watoto, wa jirani anayekuamini. Ndege ni kizazi cha dinosaria, na kuku ndiye ndege ambaye mtoto anaruhusiwa kumsogelea. Tandaza udongo laini wa kichuguu kwenye sinia pana, umpitishe juu yake taratibu, kisha uwaache watoto waziangalie nyayo zenye vidole vitatu mbele. Kando ya sinia weka mchoro wa unyayo wa dinosaria mla nyama, wenye vidole vitatu vilevile, na usiseme kitu mpaka mmoja wao aseme. Kuku arudishwe kwa mwenyewe kabla jua halijawa kali, na kila aliyemshika anawe mikono.