Anayeitikia saa 2 na kutoweka saa 4: namna ya kushughulika na utoro chuo cha ufundi

Nafundisha umeme wa majumbani hapa Mbeya. Kwa muda mrefu nilikuwa naita majina saa 2 asubuhi, nafunga daftari, naendelea na kazi. Siku moja nikahesabu vichwa baada ya chai. Walioitikia asubuhi ni 24. Karakanani walikuwepo 16.

Kwa hiyo ita majina mara mbili, asubuhi na baada ya chai, na uite mwenyewe ukimwangalia mtu usoni. Karatasi ya kusaini inayozungushwa darasani achana nayo, rafiki anamsainia rafiki. Siku za vitendo linganisha na daftari la vifaa. Kila anayechukua bisibisi na testa stoo aandikwe jina. Kama hakuchukua kifaa, siku hiyo hakujifunza chochote, hata kama asubuhi aliitika kwa sauti kubwa.

Alama ya X peke yake haikusaidii. Mimi naandika herufi pembeni kwa penseli: A ni ada, K kibarua, S shamba, U ugonjwa, na alama ya kuuliza kama sijui. Baada ya wiki mbili soma daftari kutoka juu kwenda chini, siku kwa siku. Kijana wangu mmoja wa daraja la pili alikuwa na alama za kuuliza kila Alhamisi na Ijumaa. Sikuuliza. Nilimpa barua ya onyo, akaipokea kwa mikono miwili, akasema "Sawa, mwalimu," na wiki tatu hatukumwona.

Nilimfuata alikopanga, Ilomba. Ndani kulikuwa na godoro, jiko la mkaa na kipande cha mbao chenye swichi mbili, betri na balbu ya tochi. Alikuwa anajifunza taa ya ngazini, ile unayoiwasha chini na kuizima juu, somo lililompita Alhamisi. Alinakili mchoro kutoka kwenye daftari la mwenzake. Waya wa moto ameuweka L1, tundu la waya unaokwenda swichi ya pili, badala ya COM, tundu la pamoja unapoingia moto, kwa hiyo swichi moja ilifanya kazi pale tu ile nyingine ikiwa upande fulani. Siku hizo mbili alikuwa anapakia viazi kwenye malori Uyole. "Mwalimu, kodi inaisha tarehe mosi," akaniambia. Barua yangu ya onyo ilikuwa chini ya godoro, imekunjwa vizuri.

Tulikubaliana kwa maandishi, nusu ukurasa: viazi Jumamosi mchana na Jumapili, vitendo alivyokosa afidie Jumamosi asubuhi nikiwepo. Mkuu wa idara akasaini, mama yake akasomewa kwa simu. Hapa inabidi mwalimu atoe Jumamosi zake. Sijaona njia nyingine, maana nadharia inanakilika lakini mkono haunakiliki.

Simu kwa mzazi ipigwe siku ileile, kabla ya saa 6. Salimia kwanza, kisha sema: "Mama, leo hatujamwona kijana. Yuko salama?" Ukianza na neno mtoro, mzazi atamkinga mtoto, atakwambia anaumwa, na ukweli umeupoteza. Bibi mmoja wa Rungwe alinijibu, "Ndaga fijo (asante sana), mwalimu. Mimi najua yuko hapo na wewe." Jioni ileile alimpigia mjukuu wake mwenyewe, na kesho yake kijana alikuwa getini kabla yangu.

Msimu nao uuangalie. Mvua za Novemba zikianza, nyumbani wanahitaji mikono shambani. Mwezi wa 5 na wa 6 kuna mpunga Kyela na Mbarali. Usipange vitendo vya alama wiki hizo kama unaweza kuvisogeza. Baridi ya Juni na Julai inaleta uchelewaji, nao uandike kama uchelewaji.

Binti anayekosa siku tatu kila mwezi asihojiwe mbele ya wavulana. Mwalimu wa kike aongee naye, na wewe nenda kakague choo: kina maji? Mlango una komeo?

Na wale tunaowarudisha getini kwa sababu ya ada, halafu jioni tunawaandika watoro? Inaniuma sana. Tumewafukuza wenyewe. Waandikie A, peleka orodha kwa mhasibu, ombeni walipe kwa awamu huku wakiendelea kuingia karakanani.

Anayerudi usimsimamishe mbele ya wenzake. Yule wa Ilomba alirudi Jumatatu na mbao yake kwapani. Nilimpa bisibisi, nikamweka karibu na kijana mpole anayejua kueleza. Akafungua L1 na COM, akabadilisha nafasi za waya hizo mbili, akabonyeza swichi ya chini, kisha ya juu, kisha ya chini tena.